Nimeambiwa muvi moja ilimmaliza Jacques Tati, na mimi nataka kufanya kama yeye

Swali: "Shikamoo mtaalamu. Mimi natengeneza klipu za vichekesho, miaka kadhaa sasa, na namshukuru Mungu zinatazamwa. Nimechoka kuanguka anguka mbele ya kamera, nataka nifanye muvi ndefu, kubwa, yenye mtaa mzima niliojenga mwenyewe, na mhusika wangu asiwe stering, awe mmoja tu kati ya watu wengi. Rafiki yangu kaniambia kabla sijaanza nitazame Playtime ya yule Mfaransa Jacques Tati, eti alikuwa juu sana kwa vichekesho, akafanya muvi hiyo moja ikammaliza. Nimeitazama kwa simu, kusema ukweli sikufika mwisho, sikuona stori wala sikucheka. Kuna mtu yuko tayari kunikopesha hela, ila anataka hati ya nyumba na haki za klipu zangu zote za nyuma kama dhamana. Je, Tati alikosea wapi, muvi ilikuwa mbovu au ni tamaa? Na mimi niache nirudi kwenye klipu?"

Marahaba. Nimelirudia swali lako kwa sababu ya ile sentensi ya dhamana, umeichomeka karibu na mwisho kama kitu kidogo tu, wakati kwangu mimi ndo swali lenyewe. Tutaifikia. Kwanza tumalizane na Tati, maana rafiki yako kakupa nusu ya hadithi, na nusu aliyoiacha ndo unayoihitaji.

Unaogopa kwamba mchekeshaji akitoka kwenye kile watu wanachompendea anaanguka, na kwamba Tati ni ushahidi. Hofu yako naielewa, ila ukimtazama Tati vizuri utaona aliingia kwenye riski mbili kwa wakati mmoja, riski ya kisanaa na riski ya hela, na watu wakisimulia wanazichanganya zinakuwa moja. Ile ya kisanaa ndo inalaumiwa, lakini iliyompeleka kwenye mnada ni ile nyingine.

Tati alianzia jukwaani, akiigiza wanamichezo bila kusema neno. Muvi yake ndefu ya kwanza, Jour de fête, ilitoka 1949, yeye akiwa tarishi wa kijijini na baiskeli yake. 1953 akatoa Les Vacances de Monsieur Hulot, ndo akazaliwa Hulot, yule mrefu mwenye koti la mvua na kiko, suruali imemfupia, anatembea kainama mbele kama anasukumwa na upepo. 1958 ikaja Mon Oncle, ikachukua Oscar ya filamu bora ya lugha ya kigeni. Sasa fikiria mtu mwenye hivyo mkononi, prodyuza gani angemnyima hela ya Hulot mwingine? Angeweza kufanya Hulot kaenda sokoni, Hulot kaenda jeshini, mpaka azeeke. Hakutaka. Alishamchoka kama wewe ulivyochoka kuanguka anguka.

Akaanza kurekodi Playtime 1964, ikaja kuonyeshwa Paris Desemba 1967. Katikati hapo alijenga mji pembezoni mwa Paris, na simaanishi kuta mbili za mbao, namaanisha barabara ya lami yenye taa za kuongozea magari, majengo ya chuma na vioo, na mitambo yake yenyewe ya umeme, mpaka watu wakauita Tativille. Akarekodi kwa filamu ya milimita 70, ile pana ambayo Hollywood walikuwa wanaitumia kwa vita na mafarao, yeye akaitumia kuonyesha watalii wanazurura maofisini na mgahawa unaobomoka usiku wa ufunguzi. Kila kitu kikapakwa kijivu, ni filamu ya rangi inayotaka uione kama nyeusi na nyeupe. Ukisikia hivyo unasema huyu jamaa kaingiwa na wazimu.

Hebu subiri. Yeye mwenyewe alijitetea kwamba kujenga ile seti hakukuzidi gharama ya kumkodi Sophia Loren awe stering, na hesabu hiyo si ya kipuuzi, maana muvi yake haikuwa na staa hata mmoja wa kulipwa, staa alikuwa ni mji. Na alibana kweli. Baadhi ya majengo ya nyuma ni picha kubwa tu zilizosimamishwa, na ukitazama vizuri baadhi ya watu waliosimama mbali hawatikisiki kwa sababu ni mapicha yaliyokatwa kwa ukubwa wa mtu, ili asilipe waigizaji wa ziada. Huyo si mtu anayemwaga hela. Kilichomla ni muda. Dhoruba ilipiga ile seti ikabidi itengenezwe upya kwa hela nyingi, hela zikakata, kazi ikasimama wanasubiri nyingine, zikija wanaendelea, zinakata tena, na seti kubwa ya namna hiyo hailali bure, siku ambayo hamjarekodi chochote nayo inadai. Mpango unaharibikia hapo, na mwenyewe unaona kazi inaenda kwa sababu kila siku kuna kitu kinafanyika.

Na haikuwa muvi mbovu. Wakosoaji wengi wa Ufaransa waliisifu ilipotoka, na leo inawekwa kwenye orodha za filamu kubwa za karne nzima. Sasa kwa nini wewe hukucheka? Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndo ufundi wako wa kesho.

Klipu inachekesha kwa kulielekeza jicho. Unasogeza kamera kwenye uso, mtazamaji anajua pa kuangalia, unamsubirisha kidogo, halafu paa. Tati alifanya kinyume chake. Kamera iko mbali, hakuna uso unaosogezwa, kila kitu kinaonekana vizuri kuanzia mbele mpaka nyuma, na mambo matano yanatokea mara moja bila mtu kukwambia uangalie lipi. Kinachokuongoza ni sauti, karibu zote zilitengenezwa baadaye studio. Chukua ile ya korido. Hulot anamsubiri bosi mmoja anaitwa Giffard, na Giffard anatokea mwisho kabisa wa korido ndefu, mdogo kama kidole, unasikia visigino vyake ko ko ko. Hulot anasikia, anataka kusimama. Mzee wa mapokezi anamwashiria kaa, bado. Giffard anatembea. Anatembea. Bado anatembea. Ungeihariri wewe kwa mazoea ya klipu ungekata hapo ikabaki sekunde mbili, na kichekesho chote kingekufa, maana kichekesho ni huo urefu. Kwa simu, Giffard wa mwanzo wa korido haonekani hata, na visigino vinapita kwenye spika ya ukubwa wa punje. Ulichotazama wewe si ile muvi, kwa hiyo usijilaumu na usiilaumu.

Itazame tena kwenye skrini kubwa kuliko zote unayoweza kuipata, na kama huna uvumilivu anzia kwenye mgahawa, Royal Garden. Mlango wa kioo unavunjika. Bawabu anabaki na kile kishikio kikubwa cha mviringo mkononi, basi anakishika usawa wa pale mlango ulipokuwa na kuendelea kuwafungulia wageni mlango ambao haupo, anakizungusha hivi, wageni wanapita na heshima zao. Nyuma huko kuna mhudumu suruali imemchanika, wamemficha nje, na kila mhudumu mwenzake akiharibikiwa na kitu, kiatu, tai, koti, anamfuata yule wa nje wanabadilishana, mpaka maskini anabaki kavaa takataka za wenzake wote. Kuna samaki anatiwa viungo na mhudumu huyu, akija yule anamtia tena, na tena, wala hafiki kwenye sahani ya mtu. Yote hayo yanaenda kwa pamoja! Mimi nikiirudia naona kitu sikukiona, na bado nitakwambia ukweli, nusu saa ya mwanzo ni ya baridi, mtu akitoka hapo simwiti mshamba.

Lakini kuna gharama ya kisanaa aliyolipa kweli, na wewe unataka kuilipa hiyo hiyo kwa hiyo isikie vizuri. Watu walinunua tiketi kumwona Hulot. Akawapa Hulot anayepita pita huku nyuma, na juu ya hapo akatawanya mahulot feki, wanaume wenye koti na kofia kama zake, watu ndani ya muvi wanawafananisha naye. Alifanya makusudi, alitaka kichekesho kiwe cha kila mtu kisiwe cha staa mmoja. Wazo tamu, ila mtazamaji wako ana mkataba na sura yako, na ukiuvunja bila kumwandaa anahisi kapunjwa. Hili haliui kazi ya mtu, linapunguza tiketi. Ukiwa na akiba unavumilia mpaka wakuzoee.

Akiba ndo hakuwa nayo, na hapa nakuomba uangalie kitu ambacho wasimuliaji wengi wanakiruka. Rudi 1947, anarekodi Jour de fête. Alitaka iwe ya rangi kwa mfumo mpya wa Kifaransa, Thomsoncolor, ambao haukuwa umethibitishwa. Riski kubwa kwa mtu wa muvi ya kwanza. Lakini pembeni ya kamera ya rangi akaweka kamera ya pili ya kawaida, nyeusi na nyeupe, inarekodi hayo hayo. Mfumo wa rangi ukashindwa, picha hazikuweza kusafishwa, na muvi ikatoka 1949 kwa nyeusi na nyeupe kutoka kamera ya akiba, ikampa jina. Ile ya rangi watu walikuja kuiona 1995, keshafariki.

Sasa fananisha na Playtime. Kumbi zenye projekta za milimita 70 na sauti za stereo zilikuwa chache, na yeye akakataa kutoa kopi za milimita 35 ambazo kumbi za kawaida zingeweza kuonyesha. Kisanaa namwelewa, ungefanyaje na Giffard mdogo kama kidole? Kibiashara maana yake ni kwamba hata mtu aliyetaka kuiona, mjini kwake haipo. Alipokuja kukubali kuikata na kuipunguza, ilikuwa too late, na Marekani ilifika 1973 ikiwa ya milimita 35 na fupi, wala haikuuza. Mtu yule yule aliyekuwa na busara ya kamera ya pili akiwa mchanga, akiwa bingwa hakuiweka.

Na hela zenyewe? Mikopo mikubwa, mingine kwa jina lake binafsi. Muvi iliposhindwa kurudisha gharama, wadai hawakuja kwa Playtime peke yake, wakaja kwa kila kitu. Nyumba ya familia huko Saint-Germain-en-Laye ikauzwa. Kampuni yake, Specta Films, ikaishia kufilisiwa 1974 na haki za filamu zilizokuwa chini yake zikapigwa mnada. Yaani kazi alizozifanya zamani, zilizokuwa zinapendwa na hazikumkosea mtu, zikaondoka kulipia kazi mpya. Alitengeneza Trafic 1971, ikabidi amrudishe Hulot aliyekuwa anamkimbia, halafu Parade 1974 kwa ajili ya televisheni ya Sweden, nyingi kwa kamera za video. Akafariki 1982 na mradi mwingine mkubwa haujapata hela. Playtime ilikarabatiwa vizuri ikarudi kumbini 2002, miaka ishirini baada ya mwenyewe kuzikwa.

Ili usione ni mkosi wa Tati peke yake nikupe wengine wawili kwa haraka. Buster Keaton, mchekeshaji wa Marekani wa enzi za muvi zisizo na sauti, na muvi yake The General, mwisho wa 1926 kuingia 1927. Alidondosha treni ya kweli kutoka kwenye daraja linaloungua hadi mtoni huko Oregon, watu wanasema ndo shoti ghali kuliko zote za enzi ya muvi zisizo na sauti, watazamaji wakaipokea kwa ubaridi. Leo inaheshimika kupita kiasi. Keaton hakupoteza nyumba kwa muvi ile, ila studio haikuwa yake, mwenye kauli ya hela alikuwa prodyuza Joseph Schenck, na 1928 akahamishiwa studio kubwa ya MGM ambako taratibu walimnyang'anya uhuru wa kutengeneza kwa namna yake. Alikuja kusema mwenyewe lile ndo kosa kubwa la maisha yake ya kazi.

Halafu Charlie Chaplin, The Great Dictator, 1940. Anamkebehi Hitler wakati Marekani haijaingia vitani na wengi Hollywood wanaogopa kugusa hiyo habari, ni muvi yake ya kwanza ya kuongea kabisa kabisa, na mwishoni anaacha kuchekesha anahutubia kwa dakika kadhaa uso kwa kamera. Hela ni zake mwenyewe. Kwenye karatasi hii ni riski kuliko ya Tati. Ila studio ilikuwa yake, kampuni ya kusambaza, United Artists, alikuwa mmoja wa waanzilishi wake tangu 1919, na ingeanguka angeumia bila kufilisika. Haikuanguka, iliuza kuliko zake zote. Sikwambii hivyo ili uone alikuwa na akili kuliko Tati, bahati ipo pia, vita ilimfanya awe sahihi.

Basi tuje kwako. Ndoto usiiache. Mchekeshaji aliyechoka na kichekesho chake akilazimishwa kuendelea anaanza kuchosha na watu, hilo nimeliona sana, na klipu zako ukizirudia kwa kinyongo zitashuka zenyewe bila msaada wa muvi yoyote. Kinachonitisha ni vile unataka vitu vitatu vipya kwa mpigo, seti kubwa, mhusika wako kusogea pembeni, na deni.

Seti, anza na kona moja. Jenga kibaraza na mlango mmoja, rekodi tukio moja la watu wengi lenye mambo matatu yanayoenda pamoja, dakika tano tu, halafu ukodi ukumbi uwaonyeshe wafuasi wako kwenye skrini kubwa na wewe kaa pembeni uangalie macho yao, usiangalie muvi. Kama macho yanahangaika kwa raha, endelea. Kama wanakutafuta wewe tu, umejua tatizo kabla hujakopa. Ubaya wa njia hii ni kwamba inachelewesha, na kona moja haiwezi kukwambia mtaa mzima utafanyaje, lakini ni hasara unayoweza kuibeba.

Mhusika, msogeze kidogo kidogo. Toa klipu kadhaa ambazo yeye ni mpita njia na anayechekesha ni mwingine. Wengine watalalamika kwenye komenti, waache walalamike, waliobaki ndo watazamaji wa muvi yako.

Kamera ya pili, amua mapema muvi yako itaishi vipi kwa mtu mwenye simu tu, maana wengi wako ndo hao. Labda matukio mengine uyapange yaeleweke na kwenye skrini ndogo, labda kila tukio kubwa liwe na shoti moja ya karibu hata kama hutaipenda. Utapoteza kitu cha kisanaa hapo, sikatai, na kama utaamua kama Tati kwamba hapana, ni skrini kubwa au basi, sawa, lakini bajeti iandikwe kwa kumbi chache hizo, isiandikwe kwa watu wote wanaokufuata.

Na dhamana. Hati ya nyumba na haki za klipu zako zote kwa mkopo mmoja, mimi nasema hapana, na sisemi hivyo kwa vitu vingi. Klipu za nyuma ndo zinazokuingizia hela muvi ikichelewa, na itachelewa, kwa hiyo ukiziweka rehani umeweka na chakula cha kipindi cha kusubiri. Mwenye hela kama anaiamini kazi, achukue sehemu ya mapato ya muvi mpya, kubwa hata, nusu hata. Akikataa hilo na kung'ang'ania za zamani, ujue anachokitaka ni hizo za zamani, muvi yako haimhusu. Kama lazima aguse klipu, zungumzieni kumpa mapato ya baadhi kwa muda unaotajwa, haki zenyewe zibaki kwako.

Hapa mimi kwa maandishi siwezi kukusaidia zaidi, nenda ukakae na wakili anayejua mikataba ya sanaa na hakimiliki, uso kwa uso, kabla ya sahihi yoyote hata ile ya "makubaliano ya awali". Beba mkataba wenyewe, orodha ya klipu na nani alishiriki kwenye kila moja, maana kama kuna mwenzako ana haki humo huwezi kuziweka rehani peke yako, na hati ya nyumba ionyeshe majina ya nani. Kama unaishi na mwenza, nenda naye, asije akasikia habari ya nyumba kwa dalali. Muulize wakili vitu viwili kwanza: je, deni linaweza kunifuata mimi binafsi zaidi ya dhamana, na muvi isipoisha kwa wakati nani ana kauli ya kuimaliza. Halafu mhasibu akuandikie bajeti yenye fungu la siku zisizorekodiwa. Na yule wa hela akikwambia ofa inaisha Ijumaa, mwache iishe.